Foleni ya Maadui

Oya mwana, sikia. Kiingilio jero. Mabati juu, benchi la mbao chini, stelingi keshavua shati. Nje baridi ya Kasulu inakung'ata masikio, ndani joto la vikwapa. Hapa ndo kibanda umiza, na leo linapigwa picha la kichina. Ukishua uache mlangoni.

Kuna wajuaji wa Kibondo wamekaa Dar miezi mitatu, wamerudi wanaponda: "Mbona ngumi hazigusi?" Tunajua, mzee baba. Teke limepita mbali kabisa na kidevu, jamaa kadondoka. Ngumi inalia kama mtu anapiga godoro. Ndo unyama wenyewe! Na maadui? Kumi wamemzunguka stelingi, ila wanaenda mmoja mmoja, kwa foleni. Bombani kwetu alfajiri hakuna nidhamu hiyo.

Twende kwenye mkwanja. Avengers: Endgame ya 2019 ilikula zaidi ya dola milioni 300. Noma, sawa. Ukitoka hapo unafanya nini? Suti ya chuma unaitoa wapi, gulioni? Ila Bruce Lee kwenye The Big Boss, 1971, ni kifua wazi na hasira tu. Jackie Chan kwenye Drunken Master, 1978, anateswa na mwalimu wake mpaka anajaza mapipa ya maji. Mwana, sisi tunabeba madumu toka darasa la pili. Mkanda mweusi wetu uko wapi?

Halafu kuna Godfrey Ho wa Hong Kong. Huyu hana aibu. Alikuwa anashuti ninja wachache, anawabandika kwenye muvi nyingine kabisa, biashara imeisha. Ndani ya Ninja Terminator mtu anaongea kwenye simu yenye umbo la paka Garfield. Mtu mzima. Yuko siriasi. Ukiuliza stori inaendaje, umeuza mechi. Kazi hiyo ni ya watafsiri wa muvi, kina Lufufu: stori ikikatika, wanaiunga kwa mdomo.

Waganda wakasoma mchezo. Nabwana wa Wakaliga, Kampala, akatoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kutofika dola 200. Kung fu ndani, helikopta za kompyuta ndani, dunia nzima ikacheka huku inashangilia.

Dingi anasema picha hizi ni ujinga wa Wachina. Huyohuyo anayeapa Bruce Lee hajafa, kajificha.

Basi juzi, tumetoka bandani, tuko kwenye kichuguu nyuma ya shamba la mahindi. Mimi stelingi. Naruka, suruali ya mtumba pwaa! mpaka kiunoni. Washkaji chali kwa kicheko. Mara dingi huyo, na fimbo. Tuko wanne.

Mwana, hakutaka foleni.