Mzee Akipatwa na Kiharusi, Usikimbilie Vidonge vya Presha

Tuseme ni alfajiri hapa Kingolwira. Bibi anamwamsha Babu, naye hajibu vizuri. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki, maneno yanatoka kama ya mlevi. Mwanawe anasema, "Ni presha hiyo!" Anachukua vidonge vya Babu, anampa viwili kwa pamoja, kisha wanakaa kusubiri nafuu. Nia yake ni njema kabisa. Lakini huenda amemwongezea Babu madhara.

Ubongo hauvumilii njaa. Mshipa wake mkubwa ukizibwa na damu iliyoganda, sehemu inayolishwa na mshipa huo huanza kufa katika dakika chache. Hata hivyo haifi yote kwa mara moja. Fikiria lori limepinduka na kuziba barabara kuu ya Dar es Salaam hapa kwetu. Mabasi yamekwama, lakini pikipiki na baiskeli zinajipenyeza katika vijia vya mashambani na kutokea upande wa pili. Ubongo nao una vijia vyake. Chini yake kuna duara la mishipa lililoelezwa na daktari Mwingereza, Thomas Willis, mwaka 1664. Juu yake kuna mishipa myembamba inayounganisha eneo moja na jingine. Wengine huzaliwa nayo mingi, wengine michache, na hiyo ni sababu mojawapo ya mgonjwa mmoja kupona na mwenzake kubaki kitandani.

Damu hupita katika vijia hivyo kwa kusukumwa na presha. Ukiishusha presha ghafla, damu haifiki ng'ambo. Huko China, majaribio yaliyotangazwa mwaka 2024 yalihusu wagonjwa 2,404 walioshukiwa kuwa na kiharusi. Baadhi yao walishushiwa presha wakiwa bado ndani ya gari la wagonjwa. Wale ambao mshipa ulikuwa umepasuka na kuvuja damu walinufaika. Wale ambao mshipa ulikuwa umeziba, hali zao baadaye zilikuwa mbaya zaidi.

Sasa wewe nyumbani utajuaje ni kiharusi kipi? Hutajua. Hata daktari huhitaji picha ya kichwa ya mashine ya CT. Kwa hiyo usimpe vidonge vya presha, wala aspirini, wala chai ya kumchangamsha. Koo nalo linaweza kuwa limepooza, na anachokunywa kikaingia mapafuni. Kama hana fahamu, mlaze kwa ubavu. Kumbuka ni saa ngapi alionekana mzima mara ya mwisho, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Tafuteni gari mara moja kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Morogoro mjini. Habari za kurogwa zisiwacheleweshe.

Wengine watauliza: je, vijia hivi vinaweza kuongezwa? Kidonge cha kuviongeza hakijapatikana bado. Uchunguzi katika panya umeonyesha kwamba uzee, presha ya muda mrefu na kisukari huvipunguza, na kwamba panya waliozoezwa kukimbia hawakuvipoteza upesi. Binadamu si panya, lakini anayepanda mlima kwenda shambani kwake Uluguru hana hasara.

Hapa pasieleweke vibaya. Vidonge vya presha vimezwe kila siku kama daktari alivyoagiza, hata ukijisikia mzima. Tunachokataza ni kumpa mgonjwa saa ile ya kiharusi. Ugonjwa huu tunao siku nyingi. Kati ya mwaka 1992 na 1995 watafiti walihesabu vifo katika Morogoro Vijijini. Kwa wanaume wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua 35 katika kila 100,000 kwa mwaka. Uingereza na Wales, mwaka 1993, walikuwa 11 hivi. Wengi huku hawajawahi hata kupimwa presha.

Mkienda hospitali, chukueni kadi ya kliniki ya Babu na vidonge vyake vyote, hata vile alivyoacha kumeza. Daktari atavihitaji.