Koti kwa Mbwa Mwoga Aliyeokolewa: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua na Baadaye

Kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti baridi hutanda katika nyanda za juu za Kenya. Limuru na Nyahururu, miji iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huamka ndani ya ukungu, na hata Nairobi huweza kupitisha siku kadhaa bila kuona jua. Katika majira hayo ndipo makoti ya mbwa hutafutwa madukani na kwa wauzaji wa mitandaoni. Mtu aliyemchukua mbwa kutoka makao ya wanyama waliookolewa, au aliyemwokota barabarani akamhurumia, humwona akitetemeka alfajiri, hununua koti siku hiyo, na jioni hujaribu kumvika. Mbwa hujikunja pembeni, hujikojolea kwa woga, au huuma mkono. Koti huraruka, muuzaji hukataa kulipokea kwa kuwa limejaa manyoya na matope, na mbwa aliyekuwa ameanza kumzoea mwenyewe hurudi kujificha nyuma ya tangi la maji.

Fedha iliyopotea hapo ni kidogo. Kilichopotea zaidi ni imani, nayo haiuzwi dukani. Kwa hiyo ushauri wetu unakwenda kinyume na mazoea: koti liwe kitu cha mwisho kununuliwa. Kwanza mbwa akubali kuguswa na kufunikwa kwa kitambaa chochote kilichomo nyumbani. Leso kuukuu yatosha kwa kazi hiyo.

Je, anahitaji koti?

Wapo watakaocheka wakisikia habari za koti la mbwa, nasi hatuwalaumu. Mbwa mzima wa kienyeji mwenye afya, chakula cha kutosha na kibanda kikavu halihitaji. Kibanda kikiinuliwa kidogo kutoka ardhini, mlango ukaepushwa na upepo, na ndani kukawekwa magunia makavu au nyasi kavu, baridi ya Julai humpita. Kwa mbwa wa namna hiyo fedha ya koti ingefanya kazi nzuri zaidi kwa fundi seremala.

Wanaohitaji ni wengine: mbwa mzee, mbwa aliyekonda hata mbavu zikahesabika, mwenye manyoya mafupi sana, aliyenyolewa kwa ajili ya upasuaji, au aliyepoteza manyoya kwa upele. Mbwa waliookolewa mara nyingi huwa na zaidi ya hali moja kati ya hizo. Hata hivyo, upele hautibiwi kwa kufunikwa. Baadhi ya aina zake huambukiza mbwa wengine na hata binadamu, na vijidudu vyake huweza kubebwa na nguo. Daktari wa mifugo amwone mbwa kwanza. Vivyo hivyo kwa mbwa anayeruka au kulia akiguswa shingo, mgongo au bega. Huenda haogopi koti bali anaumwa: kamba aliyofungwa zamani imeacha jeraha chini ya manyoya, sikio limeoza kwa ndani, au kiungo kimevimba. Mafunzo ya subira hayaponyi sikio.

Kutetemeka nako kuchunguzwe. Atetemekaye kwa baridi hutulia akipata mahali pakavu penye joto. Atetemekaye kwa hofu huzidi mtu anapomkaribia, na hupungua mtu akiondoka. Wa pili akivikwa koti kwa nguvu, huongezewa kile kile kinachomtetemesha.

Koti lionekanavyo kwa macho ya mbwa

Sisi huona nguo. Mbwa aliyewahi kukamatwa kwa gunia, waya au kitanzi huona kitu kingine. Mtu anamwinamia kwa juu, mikono inapita juu ya kichwa chake, giza linafunika macho kwa nukta chache, kisha kitu kinambana kifuani asiweze kukimbia. Juu ya hayo, velkro ikifunguliwa hutoa sauti ya kuchanika karibu na sikio, na sikio la mbwa ni kali kuliko letu. Koti jipya hunuka kiwanda na la mtumba hunuka mbwa au mtu asiyemjua.

Hofu haianzi kwa kuuma. Kabla ya hapo mbwa hugeuza kichwa pembeni, hujilamba midomo ingawa hakuna chakula, hupiga miayo ingawa halali, huonyesha weupe wa jicho, hulaza masikio nyuma, huingiza mkia kati ya miguu. Halafu hunguruma. Wengi humkemea hapo, na hilo ni kosa kubwa. Mngurumo ni onyo lenye adabu. Mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, na baadaye huuma bila kutangaza.

Dalili inayodanganya kuliko zote ni utulivu. Mbwa amevikwa koti kwa nguvu. Amesimama kama nguzo, hali chakula, hatikisi mkia, hatembei. Mwenye mbwa husema, “Ameshazoea.” Hajazoea, ameganda. Mwaka 1967 wanasayansi wa Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mbwa waliopata maumivu wasiyoweza kuyaepuka, baadaye wengi wao waliacha kujaribu kuyakwepa hata njia ilipokuwa wazi. Majaribio yale yalikuwa ya kikatili, lakini funzo lake lafaa kumkumbuka mbwa aliyeganda ndani ya koti. Mbwa aliyekubali hulegea, hula, hunusa ardhi, na hurudi mwenyewe koti linapotolewa tena.

Kitambaa kwanza, chakula baadaye

Msingi wa njia tunayoipendekeza ni ule uliochunguzwa na Mrusi Ivan Pavlov, ambaye mbwa wake walidondosha mate kwa kusikia ishara iliyotangulia chakula. Mpangilio ndio kila kitu. Kitambaa kikitokea, kisha chakula kikafuata, kitambaa huwa habari njema. Chakula kikitangulia ili kumvuta mbwa, kisha akafunikwa ghafla, chakula ndicho kinachogeuka kuwa habari mbaya, na kesho yake mbwa hukataa hata nyama mkononi mwa mtu huyo. Makosa mengi tuyaonayo ni ya kugeuza mpangilio huu, wala si ya kukosa huruma.

Yatafutwe chakula ambacho mbwa hakipati wakati mwingine: vipande vidogo vya maini yaliyochemshwa bila chumvi wala vitunguu, au omena waliokaushwa. Kila kipande kiwe kama punje ya mhindi, kwani vitahitajika vingi. Pachaguliwe mahali ambapo mbwa anaweza kuondoka apendapo. Asifungwe kamba wala asizibiwe kona. Mtu aketi chini au kwenye kigoda, ubavu ukimwelekea mbwa, asimkodolee macho.

Siku za kwanza leso huwekwa tu ardhini, imekunjwa. Mbwa akiitazama, chakula. Akiisogelea, chakula karibu nayo. Akiinusa, chakula juu yake. Baada ya dakika mbili au tatu leso huondolewa na chakula hukoma. Mazoezi mafupi mara mbili kwa siku huzaa matunda kuliko nusu saa ya kumchosha. Mbwa mmoja humaliza hatua hii kwa siku moja. Mwingine huchukua wiki mbili, hasa yule ambaye hata mkono wa mtu ni mgeni kwake. Aliyeingia nyumbani wiki hii aachwe kwanza ajue mlango, bakuli na sauti za watu wa nyumba.

Kisha leso hushikwa mkononi, ikagusa bega la mbwa kwa nukta moja, ikaondolewa, na chakula kikafuata. Bega ni bora kuliko kichwa, na ubavu ni bora kuliko mgongo, kwa sababu mbwa huona kinachomjia. Muda huongezwa kidogo kidogo: nukta moja, mbili, tano. Halafu leso hulazwa mgongoni bila kufungwa, aweze kuiangusha kwa kujitikisa. Akiiangusha na kubaki pale pale akingoja, hilo ni jambo la kufurahia, maana amegundua kwamba anao uwezo wa kuliondoa jambo, na mwenye uwezo huo hana sababu ya kutoroka. Akiondoka, asifuatwe. Zoezi linalofuata lianze hatua mbili nyuma.

Kufunga ni sura nyingine kabisa, nako ndiko watu huharakisha. Ncha za leso zikutanishwe chini ya kifua kwa mkono, ziachwe, chakula. Zishikwe kwa nukta tatu, ziachwe, chakula. Fundo halisi lije mwisho, nalo liwe legevu. Sauti ya velkro au ya kibano cha plastiki ifundishwe peke yake, mbali na mwili: mtu mmoja aifungue upande wa pili wa ua, mwingine atoe chakula mara tu baada ya mlio, na siku baada ya siku mlio usogezwe karibu.

Dalili za hofu zikionekana, hatua hiyo imekuwa kubwa mno. Hakuna aibu kurudi nyuma. Aibu ni kumshika mbwa watu wawili, mmoja kichwani na mmoja kiunoni, eti amalize. Dakika moja ya kumshikilia huweza kufuta kazi ya mwezi mzima.

Wakati wa kununua

Mbwa akishatembea na leso iliyofungwa, ndipo apimwe. Utepe wa fundi cherehani uzoeshwe kama leso ilivyozoeshwa. Vipimo ni vitatu: mzingo wa shingo, mzingo wa kifua mahali kilipo kipana zaidi nyuma ya miguu ya mbele, na urefu wa mgongo kutoka shina la shingo hadi shina la mkia. Muuzaji apewe vipimo hivyo. Maneno kama “mdogo” na “wa kati” hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine.

Kwa mbwa mwoga, lichaguliwe koti linalolazwa mgongoni na kufungwa ubavuni na kifuani, lisilopita kichwani wala lisilomlazimu kuinua miguu ili kuiingiza matunduni. Fundi wa mtaani aweza kulishona kwa kitambaa cha blanketi na kuweka vifungo vya kawaida visivyopiga kelele, na mara nyingi hilo humfaa mbwa kuliko la kiwandani. Sweta ya mtoto ya mtumba huonekana rahisi, lakini huvishwa kwa kupitishwa kichwani, nayo ikilowa huwa nzito na kumpoza mbwa kuliko kama angeachwa bila kitu.

Yapo pia mavazi ya kubana yanayouzwa kwa ahadi kwamba yanaondoa hofu. Ushahidi kuyahusu ni mchache na haukubaliani. Huenda yakamfaa mbwa fulani, lakini mbwa anayeogopa kuvikwa hawezi kutulizwa na kitu ambacho lazima kwanza avikwe.

Kabla ya kulipa, aulizwe muuzaji kama atalipokea koti lisipotosha, kwa siku ngapi, na kama atarudisha fedha au atabadilisha tu. Jibu liandikwe kwenye risiti. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa taarifa anazohitaji ili anufaike nazo, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Mshono uliofumuka siku ya kwanza, au koti lililoitwa lisilopitisha maji ambalo linapitisha, ni jambo la kulalamikia. Lakini mbwa kukataa kulivaa si kasoro ya koti, na hapo mnunuzi hana cha kushikilia isipokuwa makubaliano yale ya risiti. Koti likifika nyumbani liwekwe ardhini kama leso ya siku ya kwanza, lebo zake zikiwa bado hazijakatwa.

Usalama

Watoto wasiachiwe kazi ya kumvika mbwa, hata akionekana mpole, kwa kuwa nyuso zao ziko karibu na meno yake. Mbwa awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa na chanjo irudiwe kila mwaka. Wa barabarani ambaye historia yake haijulikani achanjwe mapema kabisa. Akimuuma au kumkwaruza mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitalini siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo. Asingoje kuona kama mbwa ataugua.

Koti likiisha kufungwa, vidole viwili vipite bila taabu kati yake na mwili, shingoni na kifuani. Mbwa asiachwe nalo peke yake siku za mwanzo, kwani mkanda huweza kunasa kwenye ua au akautafuna na kuumeza. Litolewe jua linapochomoza: mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, hujipoza zaidi kwa kuhema, na koti la asubuhi ya ukungu huwa mateso saa sita mchana. Kila jioni chini ya miguu ya mbele na shingoni pakaguliwe michubuko na kupe.

Kulivua nako kuna zamu yake katika mafunzo. Wengi humvika mbwa kwa subira, kisha wakirudi matembezini wamechoka hulivuta koti kwa haraka kupitia masikioni. Vifungo vyote vifunguliwe kwanza, koti liinuliwe kutoka mgongoni kuelekea ubavuni, kipande cha ini kitolewe, na koti lianikwe mahali ambapo mbwa ataweza kulinusa atakapo.