Neno moja la siri halitoshi kulinda intaneti ya nyumbani

KATIKA ploti nyingi za Umoja, Kayole na Pipeline, ukuta mmoja mwembamba ndio unaotenganisha familia na familia, na mawimbi ya ruta hayatambui ukuta. Ukiwasha simu katika orofa ya tatu utaona majina ya mitandao kumi au zaidi, mingine ya wapangaji wa jengo la mkabala. Kila mwenye mtandao anaamini amejikinga kwa kuwa ameweka neno la siri.

Imani hiyo ina kasoro. Neno la siri la waifai ni ufunguo mmoja unaotumiwa na wote: watoto, mjomba aliyelala usiku mmoja, fundi wa televisheni. Ukishautoa, huwezi kumnyang'anya mmoja na kuwaachia wengine. Isitoshe, simu nyingi za kisasa huweza kuonyesha neno hilo kwa msimbo wa QR, mtu mwingine akaelekeza kamera yake na kuingia bila kukuuliza.

Mwandishi huyu, mkazi wa Buruburu, alifungua ukurasa wa mipangilio ya ruta yake jioni moja intaneti iliposuasua, akakuta vifaa 14 vimeunganishwa. Nyumbani vilikuwa sita. Mtoto wa jirani alikuwa amepewa neno la siri wakati wa likizo ili afanye kazi ya shule, na wema huo ukavuka ua.

Kupungua kwa kasi ndiyo hasara ndogo. Aliye ndani ya mtandao wako anaweza kujaribu kuifikia kamera ya ulinzi, printa, au kompyuta yenye faili zilizoachwa wazi. Aidha, kampuni ya intaneti huona akaunti moja tu. Tapeli akitumia laini yako, anwani itakayoonekana ni yako, nawe ndiwe utakayehojiwa kwanza.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaharamisha kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Adhabu ni faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Hata hivyo, ni vigumu kumshtaki mtu ambaye wewe mwenyewe ulimpa ufunguo.

Anza na ukurasa wa mipangilio. Una neno lake la siri, tofauti na lile la waifai, na aghalabu huachwa vile lilivyotoka kiwandani. Mnamo 2016, programu haribifu ya Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu jozi zipatazo 60 tu za majina na maneno ya siri ya kiwandani. Libadilishe siku hiyo hiyo fundi anapoondoka.

Kisha zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au kwa nambari ya tarakimu nane. Mnamo 2011, mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kuwa ruta huikagua nambari hiyo kwa nusu mbili, na tarakimu ya mwisho hutokana na zile zinazoitangulia. Badala ya mamilioni ya majaribio, mvamizi anahitaji yasiyozidi 11,000. Ruta inayoacha njia hii wazi hufunguka hata kama neno lako la siri ni refu kama shairi.

Chagua WPA3, iliyotangazwa 2018, ikiwa ruta na simu zako zinaikubali. Katika WPA2 ya 2004, mtu akinasa salamu ya kwanza baina ya simu na ruta, anaweza kwenda zake na kukisia maneno kwa kompyuta akiwa kwake, usiku kucha. Jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa havichukui muda. Anayebaki na WPA2 atumie maneno manne au matano yasiyohusiana. WEP ilivunjwa tangu 2001. Ruta isiyojua nyingine haifai kuwashwa.

Dawa iliyo bora zaidi, na inayosahaulika zaidi, ni mtandao wa wageni. Ruta nyingi huweza kutoa jina la pili lenye neno lake la siri. Mgeni anapata intaneti lakini kwa kawaida hafikii vifaa vyako. Televisheni na kamera pia zikae huko. Majirani wanaochangiana bili wawekwe humo, iwapo mkataba wa kampuni unaruhusu, na neno libadilishwe kila mwisho wa mwezi bila kusumbua simu za nyumbani. Anayekataa kuchanga hukatika bila ugomvi kwenye ngazi.

Kuficha jina la mtandao si kinga. Vifaa vya kunusa mawimbi huliona. Kuorodhesha anwani za vifaa vinavyoruhusiwa nako hakusaidii sana, maana anwani huigwa.

Kuhusu kasoro za ruta yenyewe, ulizia kampuni yako kama huisasisha kutoka mbali. Na ukihama, irejeshe ruta katika hali ya kiwandani kabla ya kuikabidhi, kisha ukiwekewa nyingine usirudie neno la siri la zamani: nusu ya ploti uliyohama bado inalikumbuka.