Masisi na Walikale: Bidoni tano za kasiksi ndani ya bidoni moja ya kanyanga

Mkungu wa ndizi ukishakatwa hauna subira. Baada ya siku chache umeiva, na zikipita nyingine chache unaanza kuoza. Ukigeuzwa kasiksi, mwenye nao anaongeza siku mbili au tatu tu, kisha pombe inakuwa kali kama siki na hakuna anayeinunua. Lakini kasiksi hiyo ikipikwa tena na kuwa kanyanga, inaweza kukaa mwaka mzima ndani ya chupa bila kuharibika.

Hiyo ndiyo sababu kubwa inayofanya moshi wa kanyanga usizimike katika vijiji vya Masisi na Walikale, jimbo la Kivu Kaskazini. Wengine hupika kidogo kwa ajili ya wageni, mavuno yakizidi. Wengine, hasa akina mama, hupika ili wapate pesa ya masomo ya watoto, sabuni na chumvi. Wote wanatumia njia moja, na wote wako mbele ya hatari moja ambayo jicho halioni na ulimi hauonji.

Kutoka shimoni hadi bidoni

Kazi inaanza kwa ndizi za pombe, si zile za kupika. Mikungu inafukiwa katika shimo lililotandikwa majani ya migomba na kupashwa joto kwa moto, ili ndizi zote ziive pamoja. Baada ya siku chache zinafukuliwa, zinamenywa, kisha zinakandwa pamoja na majani makavu mpaka maji yake yatoke. Maji hayo matamu, yakichujwa, ndiyo mutobe, kinywaji ambacho hata watoto hupewa.

Ili mutobe ugeuke kasiksi, unaongezwa maji kidogo na unga wa mtama uliokaangwa, kisha unafunikwa mahali penye joto. Chachu inakula sukari na kuigeuza alkoli. Baada ya siku moja mpaka tatu kasiksi iko tayari. Nguvu yake haitofautiani sana na ya bia ya chupa. Kasiksi ndiyo inayotolewa kwenye harusi, mahari, matanga na kazi za pamoja shambani. Katika Walikale, mgomba umo hata ndani ya hadithi ya Mwindo ya Wanyanga: shujaa huyo anapofika kuzimu, moja ya majaribu anayopewa ni kulima shamba la migomba.

Kanyanga ni hatua ya tatu, na hiyo haikutoka kwa mababu. Kasiksi, mara nyingi ile iliyobaki bila kununuliwa, inatiwa ndani ya pipa lililofungwa vizuri na kuwekwa juu ya moto wa kuni. Alkoli huchemka kwenye digrii 78, wakati maji yanangoja kukaribia 100. Kwa hiyo mvuke unaotangulia kutoka una alkoli nyingi kuliko kasiksi yenyewe. Unapitia katika tiyo iliyozamishwa kwenye maji baridi, unageuka tena maji, na unadondoka ndani ya chupa tone kwa tone. Ndiyo maana wapikaji wengi huchagua kukaa karibu na kijito.

Hesabu ya barabara

Faida ya kazi hii inaeleweka kwa hesabu ndogo. Bidoni tano za litri 20 ni litri 100 za kasiksi. Ikiwa kasiksi hiyo ina alkoli ya asilimia 6, ndani ya bidoni zote tano mna litri 6 tu za alkoli yenyewe. Kanyanga yenye nguvu ya asilimia 40 haiwezi kuzidi litri 15, hata kama hakuna tone lililopotea. Na siku zote kuna linalopotea. Bidoni tano zinaingia katika moja, na hiyo moja haijai.

Kwa mtu anayeishi kando ya lami, hesabu hiyo haina maana kubwa. Kwa mkaaji wa Nyabiondo, Kashebere au Pinga ina maana yote. Wakati wa mvua barabara inageuka matope, malori yanakwama siku nyingi, na vita vimefunga njia mara kwa mara. Katika miezi ya kwanza ya 2025, Masisi-centre, Sake na Walikale-centre vyote viliingia katika mapigano. Kwenye vizuizi vya njiani, kila mzigo unatozwa. Mikungu ya ndizi haiwezi kungoja katika hali hiyo, na kasiksi haiwezi kutikiswa siku mbili juu ya pikipiki. Bidoni moja ya kanyanga inapita.

Upande wa Walikale kuna soko la kuipokea. Machimbo ya kasiterite na dhahabu yanakusanya vijana wengi walio mbali na familia, wenye pesa leo na wasio na hakika ya kesho. Mahali bia ya kiwanda inafika kwa shida na kwa bei ya juu, kanyanga ndiyo inayokunywewa.

Lakini hesabu hiyo hiyo inamgeukia mnywaji. Glasi moja ya kanyanga ya asilimia 40 ina alkoli sawa na karibu glasi saba za kasiksi. Mtu aliyezoea kunywa kasiksi jioni nzima, akinywa kanyanga kwa kipimo kile kile, anaweza kuzimia na kufa usiku huo bila sumu nyingine yoyote. Na nyumbani, wanaolipa kwanza ni mke na watoto: kwa ugomvi, kwa kipigo, kwa chakula ambacho hakikununuliwa.

Moto wa buluu haupimi sumu

Wanywaji wengi wanaamini kuna njia ya kujua kanyanga nzuri: kumwaga kidogo na kuiwasha. Ikiwaka moto wa buluu, wanasema ni safi. Jaribio hilo linaonyesha jambo moja tu, kwamba alkoli ni nyingi ya kutosha kuwaka. Methanoli, ile alkoli inayopofusha na kuua, nayo inawaka, na moto wake hauonekani vizuri. Harufu yake na ladha yake hazitofautiani sana na za alkoli ya kawaida.

Methanoli inatoka wapi? Ndizi, kama matunda mengine, zina pektini, kitu kinachoshikanisha nyama ya tunda. Wakati wa kuchacha, sehemu ya pektini inatoa methanoli kidogo. Katika kasiksi ni kidogo mno, na kwa kawaida hata kanyanga ya ndizi tupu haifikii kiasi cha kuua. Wapikaji wenye uzoefu humwaga matone ya kwanza yenye harufu ya kuchoma pua. Wanafanya vizuri, kwa sababu matone hayo yana vitu vibaya kwa kichwa na tumbo. Lakini kumwaga matone ya kwanza hakuondoi methanoli yote, maana nyingine inaendelea kutoka pamoja na alkoli mpaka mwisho.

Vifo vingi vinatokea pale mfanyabiashara anapotaka kuongeza nguvu au wingi kwa kutia alkoli ya viwandani. Majirani wetu wanajua. Mwezi wa 4 mwaka 2010, katika wilaya za Kabale na Kamwenge nchini Uganda, watu zaidi ya 80 walikufa kwa waragi iliyotiwa methanoli. Mwezi wa 5 mwaka 2014, Kenya ilizika watu zaidi ya 80 kwa sababu hiyo hiyo. Kabale haiko mbali na mpaka wa Kivu Kaskazini.

Hatari nyingine iko katika vyombo. Pipa lililobeba dawa za mashamba au mafuta ya gari halisafishiki kwa maji ya mto. Radieta ya gari inayotumiwa mahali pa tiyo ina risasi kwenye maungio yake, na risasi hiyo inayeyuka kidogo kidogo ndani ya kinywaji. Haiui siku hiyo. Inaingia katika damu, inaharibu figo na ubongo, na kwa mama mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Na pipa lililozibika linaweza kupasuka, au mvuke wake ukashika moto na kuchoma mpikaji na nyumba.

Sheria imepita, moshi umebaki

Kukataza pombe kali si jambo jipya. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919, ambao Ubelgiji ilitia sahihi, ulizuia kutengeneza pombe za kuchemshwa na kuingiza mitambo yake katika sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ikiwemo. Wakoloni waliondoka, na tabia ya kukataza ilibaki. Mpaka leo kanyanga na lotoko hutengenezwa kwa kujificha, na mpikaji anayekamatwa mara nyingi hulipa kitu ili arudi nyumbani.

Nchi jirani zimefuata njia tofauti. Rwanda inaihesabu kanyanga pamoja na madawa ya kulevya, na anayeiuza anafungwa. Uganda, kwa sheria ya 1965, iliwataka wapikaji wa enguli wawe na ruhusa na wauze kwa kiwanda kitakachoisafisha. Huko ndiko ilikotoka Uganda Waragi ya chupa. Kenya iliruhusu chang'aa mwaka 2010, kwa sharti itengenezwe kwa vipimo na kuwekwa katika chupa zenye maelezo. Vifo vya 2014 vilionyesha kwamba ruhusa bila upimaji haitoshi. Vifo vya Kabale vilionyesha kwamba hata mahali penye kiwanda, pipa la kichakani linaendelea kufanya kazi.

Mgomba wenyewe unaumwa

Wapikaji wa Masisi wana tatizo jingine ambalo halihusu polisi. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba, unaojulikana kwa herufi BXW, ulionekana Kongo kwa mara ya kwanza mwaka 2001, na ni huko huko Masisi. Majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zinaoza. Aina za ndizi za pombe ndizo zinazoshikwa haraka, kwa sababu wadudu hubeba bakteria kwenye ua dume lililoning'inia chini ya mkungu.

Dawa haipo, lakini kinga ipo na haigharimu pesa nyingi: kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kupitisha panga katika moto au maji ya Javel kabla ya kugusa mgomba mwingine, na kukata mara moja shina lililougua.

Dalili za kutongojea

Kwa mnywaji, jambo la kukumbuka ni wakati. Sumu ya methanoli haionekani mara moja. Mara nyingi inachukua saa 12 mpaka 24, mtu akidhani ana uchovu wa pombe tu. Anaumwa kichwa, anatapika, tumbo linakata, anapumua haraka, na macho yanaona ukungu au weupe kama theluji. Akifika hospitali mapema anaweza kuokolewa. Akichelewa, anaweza kubaki kipofu au kufa. Wanaomsindikiza wachukue chupa aliyokunywa, na walionywa naye waende pia, hata kama hawasikii kitu.

Kwa viongozi wa usultani na wa sekta, kuvunja mapipa ni rahisi kuliko kutengeneza barabara. Lakini mkungu utaendelea kuiva kila wiki, na mwenye nao ataendelea kutafuta njia ya kuuhifadhi. Siku lori litakapofika Goma siku ile ile lilipoondoka Nyabiondo, mkulima atakuwa na kitu kingine cha kufanya na ndizi zake.