Ganzi ya Miguu kwa Wenye Ugonjwa wa Sukari

Ndugu wafanyakazi, sukari ikizidi damuni kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu na kuibana mishipa ya damu. Ndipo miguu huchoma usiku, kisha hufa ganzi.

Tiba za kusaidia zipo. Kutembea kila siku, kama hakuna kidonda, huendesha damu miguuni, tumbaku huizuia. Dawa ya kupaka itokanayo na pilipili hupunguza maumivu, lakini isiguse kidonda. Kukanda kwa maji ya moto ni hatari: mguu wenye ganzi huungua bila kusikia. Mululuza tunaokunywa hapa Kampala waweza kushusha sukari. Pamoja na vidonge yaweza kushuka mno, mtu akazirai penye mashine. Mwambieni daktari kila mnachokunywa.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 yataka waganga wa tiba za asili waandikishwe. Ulizeni cheti. Wala msiache insulini kwa ajili ya mizizi.

Tukague nyayo kila jioni. Mabuti yasiyobana tuyadai kwa waajiri kupitia chama, kwani lengelenge moja laweza kutugharimu mguu.