Tumtazame Ngamia

Katika Suratul Ghashiya Mwenyezi Mungu amewaelekeza watu wamtazame ngamia jinsi alivyoumbwa, na amemtaja yeye kabla ya mbingu na milima na ardhi. Watoto wetu huihifadhi sura hiyo wangali wadogo, na walio wengi hukua hata wakaota mvi bila ya kuifanya kazi hiyo iliyotajwa humo. Wazee wa Unguja na Lamu walimwona ngamia akizunguka katika kinu cha mafuta ya ufuta, amefungwa kitambaa machoni. Watoto wa Mombasa humwona ufukweni, amepandwa na watalii. Huko ni kumwona tu, kumtazama ni jambo jingine. Chuoni kwangu nimewauliza wanafunzi mara nyingi, "Nunduni mwa ngamia mna nini?" nao hunijibu kwa sauti moja, "Maji!" Jawabu hilo si kweli, na nitalieleza.

Leo nataka kuwapa habari ya mahali ambapo baba, mama na watoto waweza kwenda kwa nia hiyo ya kutazama. Katika nchi ya Uholanzi, karibu na mji wa Den Bosch, liko shamba la ngamia wa maziwa liitwalo Kamelenmelkerij Smits, nalo ni mali ya jamaa moja. Lilianzishwa mwaka 2006 na kijana aliyekuwa bado mwanafunzi, naye alianza na ngamia watatu tu. Hakuweza kuwaleta kutoka Somalia wala Bara Arabu, kwa kuwa sheria za Ulaya zazuia kuingiza ngamia hai kutoka huko. Basi akawapata wa Visiwa vya Canary, ambako ngamia walipelekwa kutoka pwani ya Afrika katika karne ya 15. Wanunuzi wake wa mwanzo walikuwa hasa ndugu zetu wa Morokko na Somalia waliohamia nchi hiyo, watu waliokuwa na shauku ya maziwa waliyokulia. Wageni hukaribishwa shambani, wakatembezwa na kuelezwa mambo. Najua wasomaji wetu wengi wana watoto au ndugu wanaokaa Ulaya, na mashamba ya namna hii yako pia Marekani na Australia. Kwa hiyo maneno haya hayawahusu watu wa Uholanzi peke yao.

Mgeni afikapo zizini na aanze na nundu. Ndani yake mna mafuta, nayo ni akiba ya chakula. Ngamia akikosa malisho siku nyingi nundu hulegea na kulala upande. Uwezo wake wa kuvumilia kiu umewekwa penginepo. Chembe za damu yake zina umbo la yai, si duara kama zetu, basi damu huendelea kupita katika mishipa hata mwili ukikauka sana. Naye akishinda na kiu, joto la mwili wake alfajiri huweza kushuka hata digrii 34, na alasiri likapanda kupita 40, asitoe jasho bure. Sisi tukifika hapo tu mahututi. Mwili wake huweza kupoteza robo ya uzito wake kwa ukosefu wa maji akabaki hai, na akipata kisima hunywa lita 100 kwa muda wa dakika kumi au kumi na tano. Mnyama mwingine akinywa hivyo kwa ghafula huenda akafa.

Kisha atazame kope zilizopangwa safu mbili, na pua zinazofumba zenyewe mchanga ukivuma, na nyayo pana zisizozama. Na atazame sugu za magotini na kifuani. Ngamia apigapo magoti, sugu ya kifua ndiyo imnyanyuayo kidogo, upepo ukapita baina ya tumbo lake na ardhi ya moto. Mtoto wa chuoni akiiona sugu hiyo atawakumbuka wazee wa msikitini wenye alama katika vipaji vya nyuso, wala hahitaji mwalimu wa kumfafanulia.

Lakini jambo la kutazamwa zaidi ya yote ni kukamuliwa kwake. Ngamia huchukua mimba yapata miezi 13, akazaa mtoto mmoja. Ng'ombe wa Uholanzi hutoa lita 25 na zaidi kwa siku. Ngamia aliyelishwa vizuri hutoa baina ya lita tano na kumi. Na hata hizo chache aghalabu hazitoi mpaka mtoto wake aletwe kwanza, anyonye kidogo au asimame ubavuni pake. Hapo maziwa hushuka, nayo hushuka kwa dakika moja au mbili tu. Mkamuaji akichelewa yamekwisha. Mwenye kumnyima ndama haki yake hujinyima na yeye mwenyewe. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia katika bustani ya mtu wa Ansari, akamkuta ngamia ambaye alipomwona alilia hata machozi yakamtiririka. Mtume akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akamwita mwenyewe, akamwonya amwogope Mungu kwa mnyama huyo, kwa kuwa ameshitaki kwamba analazwa na njaa na kuchoshwa kwa kazi. Kisa hiki chafaa kusimuliwa papo hapo zizini, mtoto akiwa ameyaona macho ya ngamia kwa karibu.

Sasa nije katika jambo linalonikera. Wako watu waendao katika mashamba haya kutafuta dawa, si kutazama wala kujifunza. Huambizana kwamba maziwa ya ngamia yaponya maradhi ya sukari, na mtu akirudi na chupa zake huiweka kando sindano ya insulini. Hii ni hatari ya mauti. Kweli huko Bikaner, Bara Hindi, madaktari waliwapa maziwa hayo wagonjwa wachache wa sukari, na baadhi yao haja yao ya insulini ikapungua. Walakini wagonjwa wale hawakuacha sindano. Waliendelea nazo, na daktari ndiye aliyepima damu na kupunguza kipimo. Mwenye kuisimulia nusu ya kwanza ya habari hii akaificha ya pili amewadhuru Waislamu wenziwe. Kwamba maziwa haya ni chakula bora hatukatai: yana vitamini C kuyashinda ya ng'ombe, na hayana ile protini iitwayo beta-laktoglobulini ambayo huwadhuru baadhi ya watoto wasiopatana na maziwa ya ng'ombe. Hata hivyo mtoto wa namna hiyo asipewe kabla ya kuulizwa daktari.

Wengine husema kuyachemsha ni kuyaondolea baraka. Sijui wameitoa wapi fatwa hiyo. Maziwa mabichi huweza kuchukua maradhi ya brusela, yaletayo homa zisizokwisha na maumivu ya viungo. Tena mwaka 2012 yalitambuliwa kwa mgonjwa wa Saudia maradhi ya pumzi yaitwayo MERS, ambayo virusi vyake huchukuliwa na ngamia. Shirika la Afya Duniani limewataka watu wasinywe maziwa ya ngamia mabichi, na waoshe mikono kabla na baada ya kumgusa mnyama. Si kila ngamia ana maradhi, lakini asiye nayo hakuandikwa usoni. Katika Hadithi ya Tirmidhi yuko mtu aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kumtegemea Mungu, akaamrishwa amfunge kisha ategemee. Sufuria na moto ndiyo kamba yetu katika mambo ya maziwa.

Na wakati wa Sala ukiwakuta huko, msisali zizini. Katika Sahihi Muslim imo Hadithi inayoruhusu kusali mahali pa kondoo na mbuzi, na kukataza mahali wanapolala ngamia. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamesema ni makuruhu, na Sala yasihi ikiwa mahali ni safi. Mahanbali wamekaza zaidi wakasema haisihi. Na kwa kuwa kwa madhehebu yetu mavi ya ngamia ni najisi, akina mama na wachukue msala na jozi ya pili ya viatu kwa kila mtoto, waviache garini mpaka watakapotoka zizini.