Rukmini Devi na urithi wa Bharatanatyam

MWAKA 1935, Rukmini Devi Arundale, mwanamke wa tabaka la Brahmin, alipanda jukwaani mjini Madras, India, kucheza ngoma iliyodharauliwa kwa kuwa ilihusishwa na devadasi, wanawake waliowekwa wakfu mahekaluni.

Mwaka uliofuata alianzisha Kalakshetra, chuo kilichofundisha Bharatanatyam na muziki kwa kuwatumia walimu wa jadi.

Hata hivyo, si wote waliomuunga mkono. T. Balasaraswati, mchezaji mashuhuri wa ukoo wa devadasi, alipinga kupunguzwa kwa maudhui ya mapenzi, akiyaona kuwa ndiyo kiini cha sanaa hiyo.

Rukmini alifariki dunia mwaka 1986. Sheria ya mwaka 1993 ilikitambua chuo chake kuwa taasisi yenye umuhimu wa kitaifa. Ngoma ilipata heshima. Wengi wa walioirithisha hawakuipata.